Wadau Ni Akina Nani? Safari ya Muswada Kutoka Mezani Hadi Kamati

Januari 2024, mahindi yakiwa yamefika magotini huku Uyole, Mbeya, na kila mtu akihangaikia mbolea ya kukuzia, redio ilitangaza kwamba Kamati ya Bunge ya Utawala, Katiba na Sheria inawaita wadau Dodoma watoe maoni yao kuhusu miswada mitatu ya uchaguzi na vyama vya siasa. Jirani yangu, mzee anayelima viazi na mahindi, aliegemea jembe lake akaniuliza, "Mwanangu, hao wadau ndio akina nani?" Nikamwambia ni yeyote anayeguswa na sheria yenyewe. Akanitazama kidogo. "Mimi napiga kura tangu enzi za Mwalimu. Basi na mimi ni mdau. Nani kanialika?"

Sikuwa na jibu. Miswada ile ilikuwa imesomwa kwa mara ya kwanza Novemba 2023, na mwanzoni mwa Februari 2024 ilikuwa imeshapitishwa. Kati ya tarehe hizo mbili ndipo ulipokuwa mlango wa mzee yule, na mlango wenyewe ulikuwa Dodoma, zaidi ya kilomita 500 kutoka shambani kwake, katika wiki ambazo mkulima wa Nyanda za Juu Kusini akiliacha shamba amejiletea njaa.

Ukiusoma utaratibu kwenye Kanuni za Kudumu za Bunge, hauna ubaya. Muswada wa Serikali unachapwa kwanza kwenye Gazeti la Serikali, siku 21 kabla ya kuingizwa bungeni. Mwishoni mwake huwekwa sehemu ya Madhumuni na Sababu, inayoeleza kila kifungu kinakusudia nini. Siku ikifika, Katibu wa Bunge anasimama na kusoma jina la muswada. Jina tu. Hakuna hotuba wala anayechangia, na dakika mbili hazifiki. Huko ndiko kusomwa kwa mara ya kwanza. Kisha Spika anaupeleka kwenye kamati ya kudumu inayohusika, nayo inamwita waziri na wanasheria wa Serikali waufafanue, inasikiliza wadau, inapitia vifungu. Kamati ikiona kifungu kina kasoro inaishauri Serikali, na Serikali ikikubali inaleta jedwali la marekebisho. Baada ya hapo ndipo zinapokuja zile siku tunazozisikia redioni: kusomwa kwa mara ya pili, wabunge wanachangia, Bunge linakaa kama kamati kupitia kifungu kwa kifungu, kusomwa kwa mara ya tatu, halafu muswada unakwenda kwa Rais.

Wengi wetu tunadhani sheria inatungwa siku hizo za kelele. Kwa miaka niliyofuatilia, nimeona mambo yakiamuliwa mapema zaidi. Serikali na kamati zikishaelewana, mjadala wa ukumbini hubadilisha neno hapa na neno pale. Anayeanza kuusikia muswada siku wabunge wanapochangia amefika sufuria limeshaepuliwa. Kule Marekani kamati ni mahali ambapo miswada mingi hufia: kila Bunge lao la miaka miwili hupokea miswada zaidi ya 10,000, na inayofikia kuwa sheria ni mamia machache. Kwetu muswada wa Serikali ukishafika kamati kwa kawaida utatoka na utapita. Kwa hiyo swali la maana kwetu ni utatoka ukiwa na sura gani, na nani aliyeigusa sura hiyo.

Wapo wanaoutetea utaratibu ulivyo, na hoja zao si za kubeza. Ya kwanza ni kwamba tuna wabunge. Tumewachagua wakatusemee, kama kila muswada lazima uzungushwe mikoani, mbunge anafanya kazi gani? Ya pili ni gharama: kamati nzima, makatibu wake, wanasheria na maofisa wa wizara kuhamia Mbeya kwa siku tatu ni fedha ambazo zingejenga darasa. Ya tatu naiona nzito kuliko zote, nayo ni kwamba yapo mambo yasiyosubiri.

Wachimbaji wadogo wa Chunya wanaijua hoja hiyo ya tatu vizuri. Januari 2019 wachimbaji wadogo kutoka mikoa mbalimbali walikutana na Rais John Magufuli Dar es Salaam. Wakamweleza uso kwa uso kwamba kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 pamoja na kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye malipo kabla hayajamfikia muuzaji, ya asilimia 5 zinawafanya wauze dhahabu kwa kificho. Februari, mwaka huo huo, Bunge lilikuwa limeshapitisha marekebisho ya kuziondoa. Wiki chache tu. Baadaye masoko ya madini yakafunguliwa, Chunya likiwemo, na biashara iliyokuwa ikifanyika gizani ikaanza kupimwa kwenye mizani mbele ya watu. Nani angemwambia mchimbaji wa Makongolosi asubiri mwaka mzima ili utaratibu ukamilike?

Mfano huo hutumiwa sana na wapenda kasi, na wana haki ya kuutumia. Lakini tazama nini kilitangulia nini. Wachimbaji walisema kwanza, tena wenyewe, kwa lugha yao, wakitaja vidonda vyao. Muswada ukafuata. Kasi ilikuja baada ya kusikiliza, ndiyo maana haikumuumiza mtu.

Sasa chukua Juni 2021. Muswada wa Sheria ya Fedha uliingia bungeni ukiwa na kipengele cha tozo kwenye miamala ya simu. Muswada wa Fedha una haraka yake ya halali, maana mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na Serikali haiwezi kuuanza bila sheria ya mapato. Kamati ya Bajeti inausikiliza kwa siku za kuhesabu. Na Juni huku kwetu ni mwezi wa kuvuna mahindi na kuchuma kahawa, si mwezi wa kusoma Gazeti la Serikali. Tozo ikaanza Julai 15, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala. Malalamiko yakatanda nchi nzima. Wakala pale Mwanjelwa alikuwa anakaa saa nzima bila mteja. Mzazi wa Ileje anayemtumia mwanawe nauli alianza kutafuta kondakta wa kumkabidhi fedha taslimu. Septemba Serikali ikapunguza tozo kwa asilimia 30.

Serikali ilisikia, na ninaitambua kwa hilo. Ila ilisikia sheria ikiwa imeshaanza kukata. Kikao kimoja cha siku moja na mawakala, wanunuzi wa mazao na wazazi, kabla ya Juni, kingeonyesha mapema kwamba watu watarudi kwenye fedha za mkononi. Hapa naachana na wanaosema tatizo ni kasi yenyewe. Wanasahau Chunya. Na wanaosema kasi haina tatizo wanasahau tozo. Kinachotofautisha visa hivi viwili ni mahali kusikiliza kulipokaa: mbele ya sheria, au nyuma yake.

Kuna njia mbili ambazo kusikiliza husukumwa nyuma, nazo zinastahili kutazamwa kwa makini kuliko hotuba zozote za ukumbini.

Njia ya kwanza ni hati ya dharura. Rais akiitia saini, muswada hausubiri zile siku 21. Chombo hiki si cha awamu moja. Mwaka 2015 miswada ya mafuta na gesi ilipita kwa njia hiyo, na Julai 2017 zikapita hivyo hivyo sheria za kulinda utajiri wa asili na kupitia upya mikataba. Za mwaka 2017 zilikuwa na watetezi wengi, hata mimi niliona uchungu wa nchi juu ya madini yake ulikuwa wa kweli. Lakini dharura ni moto, ni mafuriko, ni ugonjwa. Sheria itakayotawala mikataba ya miaka 30 inaweza kusubiri wiki tatu. Ikishindikana kabisa, basi kusikiliza wadau kuongezwe siku ili kufidia zile za Gazeti zilizorukwa. Inayotokea mara nyingi ni kinyume: siku za Gazeti zinarukwa, na za kamati nazo zinafupishwa.

Njia ya pili haionekani kirahisi. Ni Muswada wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, unaogusa sheria nyingi kwa mpigo. Juni 2019 ulipelekwa mmoja wa aina hiyo, kwa hati ya dharura, ukigusa sheria nane: za makampuni, hakimiliki, filamu, asasi zisizo za kiserikali, vyama vya kijamii, takwimu, wakala wa meli na wadhamini. Jiulize muswada kama huo upelekwe kamati ipi. Sheria ya filamu ina watu wake, takwimu ina watu wake, meli zina watu wake. Ukiishia kwa wanasheria wa Kamati ya Katiba na Sheria, watauangalia kama lugha ya sheria, na watauangalia vizuri. Lakini mtu anayejua kwamba kifungu fulani kitaua kikundi cha akina mama wa kuweka na kukopa kule Tukuyu hatakuwemo chumbani. Marekebisho ya namna hii yana faida yake ya kurekebisha makosa madogo madogo bila kupoteza siku za Bunge. Yaishie hapo. Kifungu kinachobadilisha haki ya mtu au mfuko wake kiletwe peke yake, kipelekwe kwenye kamati inayomjua huyo mtu.

Uamuzi wa muswada uende kamati ipi ni wa Spika, na kiti hicho watu wa huku tunakifahamu. Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Iringa alikikalia tangu 1962 hadi 1994, ukitoa miaka michache ya katikati. Anne Makinda, mbunge wa Njombe Kusini, akawa mwanamke wa kwanza kukikalia mwaka 2010. Tulia Ackson akakipata Februari 2022 akiwa mbunge wa Mbeya Mjini. Maspika watatu kutoka nyanda hizi! Naona fahari, nami sitaificha. Ila Spika hata akizaliwa mlango wa pili na wewe, kikao cha kamati bado kinakaa Dodoma.

Kuhusu hoja ya kwamba tuna wabunge: ni kweli, lakini mbunge hawezi kuwa kwenye kila kamati. Muswada wa chai unaweza kuchambuliwa na kamati ambayo wabunge wa Rungwe na Mufindi hawamo. Na mbunge anayetaka kutusemea lazima kwanza ajue tunasema nini. Hoja hii naikubali nusu, basi.

Nikiulizwa kama kuna dalili kwamba kamati ikipewa muda hufanya kazi, nitataja Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote. Ulisomwa kwa mara ya kwanza Septemba 2022, ukifungamanisha bima na vitu kama leseni ya udereva na hati ya kusafiria, huku swali la nani atawalipia wasio na uwezo likiwa halijajibiwa vya kutosha. Ulikwama, ukarudishwa kwenye majadiliano, ukapitishwa Novemba 2023. Mwaka na zaidi. Wapo waliougua katika mwaka huo wakauza ng'ombe kulipia matibabu, na kwao ucheleweshaji ule haukuwa ushindi wa demokrasia. Silifichi hilo. Hata hivyo bima ambayo chanzo chake cha fedha hakijulikani ingewaahidi matibabu wasingeyapata, na nadhani kuahidiwa na kunyimwa kunauma zaidi.

Kizuizi kimoja kimepungua. Zamani muswada uliandikwa kwa Kiingereza, wabunge wakaujadili kwa Kiswahili, na mkulima hakuwa na pa kushika. Sheria ya mwaka 2021 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Sasa jirani yangu anaweza kusoma Madhumuni na Sababu mwenyewe, mradi karatasi imfikie.

Imfikieje? Wanaodai kamati ihamie mikoani kwa kila muswada wanaomba kisichowezekana, na wasipoangalia watapata ukumbi uliojaa maofisa wa wilaya na makada waliopangiwa cha kusema. Mimi naomba kidogo. Kwa miswada inayogusa ardhi, mazao, maji, kodi za wananchi au uchaguzi, kamati itume wajumbe wachache, watano hata, wakae siku moja Mbeya pale Ukumbi wa Mkapa, siku nyingine Iringa au Njombe, na wasije Januari wala Juni. Tangazo lifike kwa watendaji wa kata na kwenye vyama vya msingi vya ushirika, libandikwe ukutani pale bei za mazao zinapobandikwa. Maoni ya barua na barua pepe, ambayo kamati hupokea hata leo, yapewe wiki mbili kamili. Na taarifa ya kamati iseme wazi: maoni haya tumeyachukua, haya tumeyakataa, kwa sababu hii. Hilo la mwisho halina gharama yoyote, na ndilo ningelianza nalo.

Mzee jirani yangu nilimpelekea miswada ile mitatu niliyoichapisha, kurasa nyingi. Alisoma usiku kwa taa ya sola, akaweka alama kwa kalamu kwenye vifungu viwili kuhusu usimamizi wa kura vituoni. Alipomaliza, kamati ilikuwa imeshafunga kupokea maoni. Karatasi zake anazo bado, ndani ya mfuko wa mbegu.