Tiba ya saikolojia mtandaoni: inamfaa nani, na inakwamia wapi

Hoja ya kwanza ya wanaopinga tiba ya mazungumzo kwa njia ya mtandao ni kwamba moyo haufunguki mbele ya kioo cha simu. Ukiisikiliza harakaharaka utaikubali, ila utafiti hauiungi mkono. Mwaka 2018 mwanasaikolojia Per Carlbring na wenzake walichambua kwa pamoja majaribio 20 yaliyolinganisha tiba ya fikra na tabia (inayomfundisha mtu kubadili mawazo na mienendo inayomuumiza) inayotolewa kwa intaneti na ile ya ana kwa ana. Hawakuona tofauti ya maana kati ya hizo mbili.

Watetezi nao huyabeba matokeo hayo mbali kuliko yanavyostahili. Tiba ya intaneti inayopimwa katika majaribio ya aina hiyo kwa kawaida ni programu yenye masomo yaliyopangwa wiki kwa wiki: mtu anasoma, anafanya mazoezi, mtaalamu anamjibu kwa maandishi. Washiriki huchujwa kwanza, na aliye katika hatari ya kujiua mara nyingi haingizwi. Kampuni inayouza ujumbe mfupi na mshauri anayejibu apatapo nafasi, kisha ikajinadi kwa takwimu hizo, inaomba kazi kwa cheti cha mtu mwingine.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama tiba ya mtandaoni inafaa, ujue unazungumzia ipi. Kuna kikao cha video cha dakika 50 hivi kila wiki na mtaalamu yuleyule. Kuna simu ya sauti, kuna kuandikiana, kuna programu ya masomo yenye mtu wa kukuongoza, na kuna ile isiyo na mtu kabisa. Hiyo ya mwisho ndiyo wengi huiacha njiani. Hata mwongozo wa dakika chache kwa wiki huwafanya watu wengi zaidi wafike mwisho. Kuandikiana kunamfaa asiyeweza kutamka jambo kwa mdomo, lakini majibu huja kwa kuchelewa, na kila neno linabaki limehifadhiwa mahali fulani.

Video nayo ina hasara zake. Katika mazungumzo ya kawaida mtu mmoja akinyamaza, mwingine hupokea ndani ya takriban sekunde 0.2. Mtandao ukichelewesha sauti kwa nusu sekunde, mpangilio huo unavurugika: mnaingiliana maneno, kisha nyote mnanyamaza mkisubiriana. Katika tiba ukimya ni chombo cha kazi, na kwenye mtandao mbovu hujui kama mtaalamu anakupa nafasi ya kulia au picha imeganda. Kuna pia suala la macho: anayeitazama sura yako kwenye skrini anaonekana kwako kama anaangalia chini. Kamera inakata mwili mabegani, hivyo mguu unaotetemeka hauonekani, na harufu ya pombe haipiti. Mtandao ukiwa dhaifu, zimeni video mwendelee kwa sauti. Saa nzima ya sauti hutumia makumi ya megabaiti tu, ilhali video hula mamia, wakati mwingine zaidi ya gigabaiti. Sauti safi bila picha ni bora kuliko picha inayokatika kila mara.

Kwa upande wa faida, watu hutaja nauli na muda, na ni kweli. Hesabu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2020 zilionyesha wastani wa wahudumu 13 wa afya ya akili kwa kila watu 100,000 duniani, na nchi maskini ziko chini sana ya hapo. Asiye na mtaalamu wa karibu, au anayetaka wa lugha yake, anapata mlango. Lakini faida isiyotajwa sana ni kwamba mtaalamu anaingia pale tatizo lilipo. Mtu anayenawa mikono mara arobaini kwa siku kwa kuhofia uchafu anaweza kufanya zoezi la kujizuia akiwa kwenye sinki lake mwenyewe, simu ikiwa imeegemezwa ukutani. Anayeogopa kutoka nje anaanzia kwenye kizingiti cha mlango wake, na si kwenye ofisi ambayo kuifikia tu ni mtihani asioweza kuufanya.

Nyumba hiyohiyo, hata hivyo, ndiyo inayoharibu vikao vingi. Ukuta ni mwembamba, mtoto anagonga, na kwa wengine mtu wanayemhofia yuko chumba cha pili. Vaa hedifoni ili angalau upande mmoja wa mazungumzo usisikike, weka redio au feni nje ya mlango, au kaa ndani ya gari lililoegeshwa. Kubalianeni neno la siri lenye maana kwamba kuna mtu ameingia. Ukilitamka, mazungumzo yanahamia kwenye jambo la kawaida. Zima arifa zinazojitokeza kwenye simu iliyofungwa, kwa sababu ujumbe wa “kikao chako kinaanza” unaweza kukufichua bila mdukuzi yeyote. Anayeishi na mtu mkatili asianze kwa video kabisa mpaka apate mahali pengine salama pa kuzungumzia.

Wadukuzi nao wapo. Nchini Ufini, rekodi za wateja wa kampuni ya tiba iitwayo Vastaamo ziliibwa, na mwaka 2020 makumi ya maelfu ya watu wakakuta siri zao zimegeuzwa mtego: walitumiwa barua pepe za kudai fedha, la sivyo maandishi ya vikao vyao yatachapishwa. Ikumbukwe kwamba waathirika wengi walikuwa wamekwenda kliniki kwa miguu yao. Kwenda ana kwa ana hakukuwalinda, maana rekodi ziko kwenye kompyuta vyovyote vile. Tatizo la majukwaa ya mtandaoni ni jingine: biashara ya matangazo. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliiamuru BetterHelp, jukwaa la ushauri wa mtandaoni, ilipe dola milioni 7.8 kwa tuhuma za kuzigawia kampuni kama Facebook na Snapchat taarifa za wateja, baada ya kuwaahidi usiri. Tumia barua pepe usiyoitumia kwingine, jiulize kwa nini dodoso la afya linakuja kabla ya masharti ya faragha, na uulize kama vikao vinarekodiwa au vinaandikwa muhtasari na akili unde.

Mimi ningeuweka uzito mkubwa zaidi kwenye dharura, jambo ambalo matangazo hulipita kimya. Mtaalamu aliye mbali hawezi kukushika mkono wala kukupeleka hospitali. Mtaalamu makini huuliza mwanzoni mwa kila kikao uko wapi wakati huo, si anwani uliyoandika mwezi uliopita, na anakuwa na jina na namba ya mtu wa karibu anayeruhusiwa kumpigia. Akiwa haulizi, hiyo ni sababu tosha ya kumtilia shaka. Leseni nayo inahusika hapa: katika maeneo mengi sheria huangalia mteja alipo, na mtaalamu halali katika nchi moja anaweza asiruhusiwe kukuhudumia ukisafiri kwenda nyingine.

Kwa hiyo wapo wasiofaa kuanzia mtandaoni. Mwenye mpango wa kujiua anahitaji watu walio karibu naye na huduma ya dharura sasa hivi. Anayesikia sauti zisizokuwepo au aliyepoteza uhalisia anahitaji daktari. Anayejinyima chakula hadi kukonda lazima apimwe uzito, mapigo ya moyo na damu, na kamera haipimi hata kimoja. Mlevi wa kila siku anayetaka kuacha ghafla anaweza kupata degedege, hivyo asimamiwe kitabibu kwanza. Programu za kupiga soga zisizo na binadamu nyuma yake nisingezihesabu kama tiba. Mwaka 2023 shirika la Marekani la matatizo ya ulaji, NEDA, liliiondoa programu yake iitwayo Tessa baada ya kulalamikiwa kwamba inawapa watumiaji ushauri wa kupunguza uzito.

Kwa waliobaki, ambao ndio wengi wenye sonona na wasiwasi wa kiwango cha chini au cha kati, ningesema jaribu, lakini pima. Dodoso la kupima sonona liitwalo PHQ-9 lina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali likipewa alama 0 hadi 3, jumla ikiishia 27. Alama 10 na kuendelea huashiria sonona inayostahili kushughulikiwa, na kushuka kwa alama 5 huchukuliwa kuwa nafuu ya kweli. Lijaze kabla ya kikao cha kwanza na kila baada ya wiki mbili. Ikiwa baada ya vikao vinne hadi sita namba haijasogea, ilete mezani kabla ya kubadilisha mtu: huenda kazi za nyumbani hazifanyiki, au mnalenga tatizo lisilo lenyewe. Majukwaa hurahisisha kubadilisha mshauri kwa kubonyeza mara moja, na wapo wanaobonyeza kila mazungumzo yanapokaribia kidonda.

Swali la 9 la dodoso hilo huuliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Kabla hujalijaza kwenye fomu ya mtandaoni, uliza nani analisoma na baada ya muda gani. Ukiambiwa mshauri ataliona kwenye kikao kijacho, tafuta huduma nyingine.