Ufagio wa mzee wa ghorofa ya pili

Jumamosi iliyopita niliamka nimechelewa, macho mazito kwa kesha la maombi tulilofanya kwa simu na wenzangu wa Kisauni, kwetu Mombasa, ndipo nikakumbuka kwamba zamu ilikuwa yangu. Huku Ujerumani, karibu na Stuttgart ninakoishi, wapangaji hupokezana kufagia ngazi na njia ya mbele. Wenyewe wanaita Kehrwoche, na kibao kinatundikwa mlangoni pako usije ukajifanya hujui. Nikashika ufagio mbiombio. Nakuta ngazi zimefagiwa, barafu ya nje imekwanguliwa, chumvi imemwagwa. Ni mzee wa ghorofa ya pili, miaka 80 na ushei. Hakunigongea mlango. Jumatatu tulipokutana kwenye masanduku ya barua alinisalimu, akapita zake.

Mzee huyu sijamsikia hata siku moja akimtaja Mungu. Nami usiku kucha nilikuwa nikiomba, "Bwana, nitume mimi." Akaenda kutumwa yeye.

Najua mtakaloniambia, wenzangu wa Kisauni. Ameonja theluji, sasa makanisa ya kwao yanamnukia vibaya. Na hao Wazungu wako mbona makanisa yao matupu? Ni matupu, sibishi. Nikiingia ibadani hapa mtaani, ukinitoa mimi na mpiga kinanda, waliobaki ni vijana wa jana, vichwa vyeupe vitupu. Sadaka yenyewe ni kodi: asilimia 8 ya kodi ya mapato, inakatwa kwenye mshahara kabla sijauona. Hakuna kuimba, hakuna kucheza hadi mbele na kapu. Kwa hilo nawahurumia kweli.

Lakini hebu tuseme ukweli sisi kwa sisi. Kwetu Neno halina shida ya kusikika. Limeandikwa nyuma ya matatu, linahubiriwa kwenye feri ya Likoni kabla haijang'oa, linatoka kwenye spika hadi mtoto wa jirani anashindwa kulala. Sidharau, mimi mwenyewe niliokoka kwenye mkutano wa uwanjani, vumbi na spika mbovu. Ila mwajiri wangu wa kwanza pale mjini alikuwa akitufungulia kazi kwa maombi, robo saa nzima kila asubuhi, na mshahara wa mwezi wa tatu tukaupata mwezi wa sita. Tulipouliza, akatusomea Ayubu.

Na asiniambie mtu kwamba huku kupima imani kwa matendo ni uzungu umeniingia. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alizaliwa Derendingen, kando ya Tübingen, safari fupi ya treni kutoka hapa nilipo. Alifika Mombasa 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Mtu wa namna hiyo angepanda meli arudi kwao, nani angemlaumu? Yeye alikaa akijifunza maneno yetu moja moja, akatafsiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa Mombasa. Kadhi! Leo tukiwaona pasta na kadhi meza moja tunatafuta mpiga picha. Na ile kengele ya Frere Town tunayoipita na tuktuk pale Kengeleni, ilipigwa kuwaonya watumwa walioachwa huru walioishi hapo kwamba wafanyabiashara ya watumwa wanakuja. Haikuwa na mahubiri. Ilisema tu: amka, jiokoe.

Tena hata Ulaya sina haja nayo katika hoja hii. Mama yangu hajawahi kushika maikrofoni. Maji yakipotea Kisauni, na mnajua yanavyopotea, jerikeni za kwanza kujazwa kwenye tangi letu ni za jirani yetu Mwislamu, kwa vile ana wajukuu wadogo. Ramadhani ikifika, sahani za futari zinavuka ukuta kuja kwetu. Niliwahi kumuuliza Mama kama hiyo ndiyo huduma yake. Akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Huduma gani? Si jirani huyo!"

Halafu huku nako kuna mambo yananikera hadi nataka kupiga kelele. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Mwezi uliopita amefariki mmoja, na pale kitandani tulikuwa mimi na mwenzangu wa zamu, basi. Nikamwimbia wimbo wa Kiswahili polepole, maana wa Kijerumani niliukumbuka nusu. Kisauni hata mgeni asiyejulikana kwao huketiwa matanga. Mwenye kunifagilia ngazi kimyakimya, je, naye nani atamshika mkono?

Nikampigia Mama kumsimulia habari ya ufagio, na kwamba wiki hii nami nimefagia zamu ya mzee kabla hajaamka. Nilitegemea sifa kidogo.

"Umemfagilia," akasema, "na chai hujamkaribisha?"

Nikakanda mahamri. Iliki nilikuwa nayo, tui lilikuwa la kopo. Mzee alipofungua mlango aliitazama sahani kwa muda, akaniuliza leo kwetu ni sikukuu gani.