Kabla Hujalipa Ada ya IB

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wazazi wa Moshi wenye uwezo, au wenye shangazi Marekani, huanza kuulizana: mtoto aende kidato cha tano au tumpeleke IB, ile diploma ya kimataifa ya miaka miwili? Si swali la kufikirika. Shule ya kimataifa ipo hapahapa mjini tangu 1969, ilianza kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa hospitali ya KCMC, na leo inaitwa UWC East Africa, ikiwa na kampasi Moshi na Arusha.

Mimi IB naipenda. Ninaogombana nao ni wale wanaoichagua kwa jina la shule na Kiingereza cha puani. Jiulize kwanza mtoto anataka kufika wapi, ndipo utafute njia.

Chukua udaktari, maana huku kwetu kila ukoo unataka daktari wake. Vyuo vyetu vinadai ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu, na mchepuo wa PCB wa kidato cha tano na sita unakupa hizo hizo. Diploma ya IB ina masomo sita: lugha mbili, somo la jamii, sayansi, hisabati na sanaa. Nafasi ya sanaa unaweza kuijaza kwa sayansi ya pili. Ya tatu kwa kawaida haiingii, mpaka shule iombe kibali kwa sababu chuo unachokitaka kinaidai. Mtoto akiligundua hilo yuko mwaka wa pili, amechelewa. Kama ndoto yake ni kusomea udaktari KCMC au Muhimbili, PCB ya shule ya serikali itamfikisha upesi, na ada wala usilinganishe.

Kwa anayetaka kuomba Kanada au Uholanzi, au ambaye bado hajajua anataka nini, hapo IB ina maana. Kuna insha ya utafiti ya hadi maneno 4,000, mada anachagua mwanafunzi mwenyewe. Niliwahi kuipitia ya binti wa jirani, kuhusu mifongo, ile mifereji ya asili ya maji, ya Kibosho: nani ana zamu ya maji, nani anaitwa kuzibua mfereji, asiyetokea anatozwa nini. Alikaa na wazee mpaka wakamzoea. Msimamizi wake alimrudishia rasimu ikiwa na swali moja pembeni ya karibu kila aya: umejuaje? Kidato cha sita, tuseme ukweli, tulikuwa tunashindana kukariri pasti pepa.

Halafu andaa maelezo ya ndugu. Kwa NECTA, baraza letu la mitihani, tumezoea pointi chache ndiyo sifa, divisheni wani ya kidato cha sita ni kuanzia 3 hadi 9. IB ni kinyume: kila somo lina alama 1 hadi 7, zinaongezwa 3 za insha na somo la nadharia ya maarifa, jumla 45. Mtoto akileta 38 ni wa kuchinjiwa mbuzi, lakini babu atauliza kwa upole kama anaweza kurudia.

Mkienda kuulizia nafasi, bweni na bwawa la kuogelea mtaviona tu. Ulizeni ni masomo gani yanafundishwa kwa ngazi ya juu, kwani mtoto lazima achukue matatu na si kila shule inayo yote. Ulizeni na jinsi wahitimu wao wanavyopata ulinganifu wa NECTA, yaani matokeo yao kulinganishwa na ya kidato cha sita, wakitaka kusoma nyumbani. Na maswali hayo ayaulize mtoto, ninyi wazazi kaeni pembeni mnywe chai.