Sikupiga magoti, lilikuwa taulo

Sikupiga magoti. Naanza na hilo kwa sababu najua toleo lililowafikia. Rafiki yangu tunayemwita Mheshimiwa amelitembeza tangu Jumamosi jioni, kuanzia kijiwe cha kahawa mpaka kundi la WhatsApp la tuliosoma wote, kwamba jamaa yenu kapiga magoti mbele ya wanawake kumi na mmoja, kifua wazi, analia, anaomba msamaha. Kifua wazi ni kweli. Wanawake kumi na mmoja ni kweli, niliwahesabu baadaye kwa viatu. Kulia hapana, ile ilikuwa sabuni. Magoti nitayafikia, msinikimbize.

Wanaotufahamu wanajua nyumba yetu ina vyama viwili. Si vya siasa. Siasa inaishia mlangoni, hiyo ni amri ya mama watoto tangu uchaguzi wa 2015, tulipomaliza wiki nzima bila kusemeshana kwa ajili ya wagombea ambao hata wakipita na msafara mtaani kwetu hawashushi kioo. Vyama vyetu ni vya muziki. Mimi ni wa Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, albamu ya 2001, niliyoinunua ikiwa kanda na kuirudisha nyuma kwa kalamu mpaka utepe ukachoka. Mwenzangu ni binti wa Tanga. Kwake taarabu si muziki, ni namna ya kuongea bila kufungua mdomo. Mzee Yusuf alipotangaza kuacha muziki mwaka 2016, nilirudi kazini nikakuta nyumba imepoa kama kuna mtu anakaa eda, na mimi mumewe nipo hai nimeshika mkate.

Miaka kumi na minne ya ndoa imenifundisha kusoma hali ya hewa. Akiweka taarabu kwa sauti ya chini, anafanya usafi. Akiweka kwa sauti kubwa na kufungua madirisha, ujumbe ni wa jirani. Akirudia wimbo mmoja, ni mimi.

Jumamosi alirudia mara tatu. Na nyimbo za taarabu ya kisasa mnazijua, mmoja tu unaivisha wali.

Nikajipa moyo. Nikaenda mezani, chai haina sukari. Nikamtazama, akanitazama, akasema, "Kunywa, baba watoto." Basi. Akageuka kwenda jikoni, na hapo ndipo nikaona mgongoni mwake kanga mpya kabisa, bado ina harufu ya duka, imeandikwa: MFICHA UCHI HAZAI.

Wewe unayecheka, huna siri. Mimi nilikuwa nayo.

Iko hivi. Tulikuwa na laki sita ya friji. Mwaka 2025, kabla ya kura za maoni za chama, Mheshimiwa alinifuata akasema anautaka udiwani. Nilicheka. Akaniuliza swali moja tu: "Aliyeimba Ndio Mzee yuko wapi?" Akanimaliza. Maana sisi wawili tulikua na ule wimbo, mwanasiasa anamwaga ahadi na umati unaitikia ndio mzee, tukiuimba njia nzima kutoka shule, na Professor Jay mwenyewe aliyewacheka wanasiasa kwa ufundi ule akaja kuchukua ubunge wa Mikumi mwaka 2015 kwa tiketi ya CHADEMA. "Sasa mimi nashindwa nini?" akasema Mheshimiwa. Nikampa laki sita. Ahadi: posho ya kwanza ya udiwani, friji. Ndio mzee.

Alipata kura saba. Ule msemo wa 2020 wa walioangushwa kwenye kura za maoni, kwamba wajumbe si watu, yeye sasa anausema kwa machozi.

Mama watoto nilimwambia friji limo kwenye kontena, kontena limekwama bandarini. Uongo huu una sifa moja: hauishi. Kila mwezi kontena lilikwama kwa sababu mpya. Na hapa kuna kitu kimoja sitakitania. Intaneti ilipozimwa Oktoba 29, siku ya uchaguzi mkuu, watu wanahangaika kujua ndugu zao wako wapi, mtaa kimya, usiku hakuna kutoka, mke wangu hakuuliza friji hata mara moja. Alikuwa anawawazia wadogo zake. Mtandao uliporudi, mimi ndiye niliyemwambia wakala wa kontena alikuwa hapatikani. Hakuniuliza, nilijiongelesha mwenyewe. Hilo ndilo lililokuwa linanikaa kooni, kuliko hata hiyo laki sita.

Turudi Jumamosi. Nikaingia bafuni nitafakari. Huko nje wimbo ukaanza mara ya nne, na safari hii sauti imepandishwa. Nikasema hapa imekwisha, kajua. Nani kamwambia? Nikiwa na povu kichwani nikapiga hesabu: akisema yeye kwanza, nimekufa. Nikisema mimi kwanza, nina nafasi ya kuitwa muungwana.

Nikajifunga taulo. Si kubwa. Ni lile la watoto, lenye picha ya samaki.

Sasa naomba mtembee na mimi taratibu. Bafuni kwetu unatokea kwenye korido fupi, mwisho wa korido kuna pazia, nyuma ya pazia sebule. Spika iko sebuleni. Nilijua na yeye yupo hapo, nilikuwa nasikia bangili zake. Jicho moja limefumba kwa sabuni. Ili anisikie juu ya kinanda na waimbaji wote wale, ilibidi nipaze sauti, tena ile ya kuita konda Mbagala. Nikashika pazia. Nikavuta pumzi. Nikafungua mdomo na pazia kwa pamoja:

"MKE WANGU, HAKUNA KONTENA! HELA YA FRIJI—"

Umeme ukakatika.

Sijui kama mmewahi kusikia taarabu ikinyamaza ghafla. Ni kama mtu kakuvua nguo. Na mdomo wangu, kama daladala iliyokatika breki, ukaendelea na mwendo uleule katika ukimya ule:

"—NILIMPA MHESHIMIWA AKAGOMBEE UDIWANI!"

Jicho zima likazoea mwanga. Nikaona MFICHA UCHI HAZAI. Nikaona tena, kushoto yake, MFICHA UCHI HAZAI. Kwenye kochi, zipo tatu. Kwenye mkeka, sita. Mmoja kajifunga kichwani, maandishi yananitazama usoni. Ilikuwa sare. Kikoba chao, kikundi cha kuweka na kukopeshana, kinatimiza miaka mitano, wamenunua sare Kariakoo, na kikao ni kwetu. Niliambiwa Alhamisi. Nilijibu "sawa" huku naangalia mpira.

Katikati ya meza kuna kisanduku cha fedha chenye kufuli tatu, na wenye funguo watatu, mikono imeganda hewani.

Nikataka kurudi nyuma. Maji yalikuwa yananichuruzika, sakafu yetu ni vigae. Mguu ukaenda, taulo likataka kwenda nao. Ndugu zangu, mwanaume ana sekunde moja ya kuchagua kati ya heshima mbili. Niliwahi samaki wangu kwa mikono miwili, na njia pekee ya kuwawahi ilikuwa kushuka nao chini. Hayo ndiyo magoti. Nimeyashusha kwa ajili ya taulo, si kwa ajili ya mtu.

"Shemeji, inuka, ameshakusamehe," akasema mama mmoja kwa huruma, akinifunika na mtandio wake.

Hakuwa amenisamehe. Alikuwa amesema neno moja tu, tena polepole: "Kumbe."

Kisha mweka hazina akakohoa. Mweka hazina wa kikoba, kwa wale wasiojua, ni mke wa Mheshimiwa. "Laki sita?" akasema. "Mimi aliniambia kauza shamba la babu yake." Kwa hiyo mkimwona Mheshimiwa anasambaza habari zangu kwa kasi, mjue anakimbia zake. Muulizeni analala wapi tangu Jumamosi.

Mengine yalikwenda haraka. Nikavaa, wakaendelea na kikao, sukari ikaletwa na mjumbe (ilikuwa imeisha tu, hakuna fumbo). Wimbo ulikuwa unajirudia kwa sababu mwanangu alibonyeza kitufe. Mke wangu akakopeshwa laki sita palepale, marejesho kila wiki, mlipaji mimi, na friji lilifika Jumanne. Nimeona daftari la katibu kwa macho yangu. Kwenye mengineyo kaandika: "Mume wa mwenyeji alitoa taarifa ya friji. Wajumbe waliipokea."

Tangu hapo haniongeleshi zaidi ya maneno mawili. Chakula tayari? "Ndio mzee." Umelala? "Ndio mzee." Jana usiku nikamuuliza kama bado ana hasira. Mnajua alichojibu.

Leo asubuhi nimeamka nasikia muziki. Si taarabu. Ni Professor Jay, albamu yangu, ambayo kwa miaka kumi na minne hajawahi kuigusa kwa mkono wake. Ameweka wimbo wa Ndio Mzee. Umeisha, ameurudisha.

Kuna suala dogo la pikipiki ambalo sijawahi kulitaja popote. Nimejifungia bafuni, ndiko ninakoandikia haya. Huko nje umeanza mara ya tatu, na taulo safari hii nimelipiga mafundo mawili.