Sufuria ya Mama na Dera la Shangazi

Shangazi alitaka dera liwake. Si kumetameta kwa shanga, liwake taa kabisa, usiku wa taarabu ya arusi ya mwanawe, hapa hapa Ngamiani, Tanga. "Wewe si fundi redio?" akaniuliza. Ukiulizwa hivyo mbele ya kina mama sita wanaochambua mchele, utajibu nini?

Vipo vibodi vya umeme vya kushonea kwenye nguo. LilyPad, aliyoibuni Mmarekani Leah Buechley, ilianza kuuzwa mwaka 2007. Ila kuiagiza mpaka Tanga kungenikausha mfuko, nikasema nitatengeneza vyangu vitano, vyenye umbo la ua. Unatafuta plastiki ya njano, nyembamba kama karatasi, iliyogandishwa shaba upande mmoja, ukiikunja haivunjiki. Unachora njia za umeme kwa rangi ya kucha (ya dada yangu, mpaka leo hajui), kisha unaizamisha kwenye feriki kloraidi, ambayo mafundi tunaiita asidi tu. Shaba iliyo wazi inaliwa, iliyofunikwa inabaki. Baadaye unatoboa vitundu pembeni na kushonea uzi wa stenlesi, ambao ndio waya wenyewe.

Beseni langu la plastiki lilikuwa limepasuka. Jikoni palikuwa na sufuria ya Mama, pana, safi, imesuguliwa kwa jivu mpaka unajiona ndevu.

Nikamimina.

Povu likaanza papo hapo. Nikafurahi! Nikajisemea, leo asidi ina nguvu, nusu saa nyingi. Moshi ukapanda. Nikagusa ubavu wa sufuria, nikarudisha mkono mbio: moto, na jiko halijawashwa. Hapo ndipo akili ikarudi kutoka matembezini. Sufuria ni alumini, na asidi ile inaila alumini kwa fujo kuliko shaba. Mimi, fundi wa miaka tisa.

Nilipoinyanyua kwa tambara niimwage, kitako kikabaki chini. Maji ya rangi ya kutu yakatambaa sakafuni, nami nikavuta nguo ya kwanza niliyoiona kwenye kamba nikayazuia. Ilikuwa kanga ya Mama, doti ambayo hata maji ya pili haijaona.

"Shikamoo, Mama."

Hakuitikia. Alikuwa mlangoni na kikapu cha samaki. Akaitazama sufuria, akaiinua usawa wa jicho, akanichungulia kupitia kitakoni.

"Mwanangu, ulitumwa taa au dirisha?"

Kanga tuliifua mara tatu. Doa la asidi ile halikutoka, hata kwa ndimu. Jina lilikuwa *Sina siri nina jibu*. Doa lilimeza "Sina siri" yote, likaacha "nina jibu" pekee, linasomeka vizuri kabisa.

Maua niliyarudia kwenye kopo la aiskrimu. Vitaa vyekundu vya LED, betri bapa ya CR2032 ya volti 3 chini ya kwapa, na usiku ule Shangazi aliwaka, watu wakamtunza mpaka noti zikaziba taa mbili.

Mimi nilisimama mlangoni na koleo, endapo uzi utakatika. Mama akapita akicheza, kanga ile kiunoni, akaizungusha taratibu mpaka jina likanielekea.

Sufuria mpya nilinunua Jumatatu. Mbili.