Mkimya haringi, anaangalia

Mtu akikaa kimya kikaoni, watu hawakawii kusema anaringa, au ana lake jambo. Methali nayo imeshamhukumu: kimya kingi kina mshindo mkuu, kana kwamba lazima kuna kitu anakipika.

Kwa hiyo sishangai vijana wakipenda jaribio la hulka la Myers-Briggs, linalogawa watu katika aina 16 kwa herufi nne. Hatimaye mkimya anaambiwa hana kiburi wala si mgonjwa. Wanasaikolojia wanaolitilia shaka wana haki: wengi wakilirudia baada ya wiki chache hupata herufi nyingine, na wengi wetu tuko katikati. Hata Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi ambaye kitabu chake cha 1921 ndicho chimbuko la jaribio hilo, hakuamini kwamba yupo mkimya mtupu. Mimi nisingempangia mtu kazi kwa herufi hizo.

Lakini Jung aliwaeleza pia watu ambao kinachowashika si kitu chenyewe, ni alama inayobaki ndani yao. Waliomfuata wakaongeza kwamba alama hizo wanazitunza na kuzilinganisha na kila kipya. Hilo nimeliona kwa macho.

Katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kila hisa ni muhuri mmoja kwenye kitabu cha mwanachama. Jumapili moja hesabu zilisomwa, mwenyekiti akauliza, "Tumekubaliana?" Tukaitikia. Mama mmoja, ambaye mwezi unaweza kuisha hujasikia sauti yake, alinifuata nje akiwa na kitabu mkononi. "Baba, muhuri wetu una nyota iliyokatika ncha tangu udondoke sakafuni. Hizi mbili ni nzima." Nilikisogeza kitabu juani. Kweli, nyota mbili zilikuwa kamili. Hisa hizo hazikuwahi kulipiwa.

Linalonisumbua mpaka leo ni lile "tumekubaliana?" Kwa kanuni yetu, asiyesema amekubali. Yeye alikuwa bado analinganisha ukurasa huu na kurasa zote alizowahi kuzishika, sisi tukamhesabu kati ya waliosema ndiyo. Ni maamuzi mangapi ya vikao vyetu, vya ukoo, vya shule, vya msikiti na kanisa, yamepita juu ya mtu aliyehitaji dakika kumi tu zaidi? Na akija kusema kesho yake, anaambiwa, "Mbona hukusema jana?"

Sisemi kwamba hana kasoro. Mama huyohuyo alituchelewesha miezi mitatu kuhamia kwenye malipo ya simu, akishikilia mstari mmoja wa fomu, na wanachama wa mbali waliendelea kulipa nauli kila wiki kuleta fedha taslimu. Waliokasirika walikuwa na sababu.

Hata hivyo tulibadili utaratibu. Sasa vitabu vinazungushwa kwanza, mkono kwa mkono, na mwenyekiti haulizi kitu mpaka cha mwisho kirudi mezani. Mara nyingi kinachochelewa kurudi ni kile kilicho mikononi mwa mama yule.