Orodha ya wanachama iliyolala ubavu

Mwezi uliopita nilikuwa saiti, Mbezi, mteja akaniuliza swali ambalo ana kila haki ya kuliuliza: "Nitajuaje kama wewe ni mwanachama kweli?" Nikamwambia afungue tovuti ya chama chetu cha kitaaluma. Mzee akatoa simu. Kivinjari kikamwonya kwamba tovuti si salama. Akaendelea hivyo hivyo. Zikaja picha: mwenyekiti akikata utepe, mwenyekiti akipokea ngao, mgeni rasmi katikati ya kamati tendaji. Zilikuwa zinajibadilisha zenyewe kabla kidole hakijafika kwenye menyu. Orodha ya wanachama tuliikuta chini kabisa: PDF ya kurasa 41 zilizopitishwa kwenye skana, nyingine zimelala ubavu. Tukatafuta jina langu, hakuna kitu. Ukurasa wa aina hiyo ni picha tu, simu haioni herufi ndani yake, na programu inayomsomea asiyeona nayo inanyamaza. Bando la mzee likakata tukiwa herufi ya K.

Nililalamika kwenye grupu la wanachama. Katibu akajibu bila kupaniki, na majibu yake hayakuwa mepesi. Sekretarieti ni watu wawili. Ada inalipwa kwa kubembelezana, na kilichopatikana mwaka huu kimekwenda kwenye mafunzo, jambo ambalo wanachama wenyewe waliliomba. Matangazo yote yako WhatsApp na yanasomwa papo hapo. Sasa tovuti ya nini, akauliza, zaidi ya kuwa kibao cha mlangoni?

Hapo kwa upande wa wanachama sina ubishi. Mimi mwenyewe sijaingia kwenye ile tovuti kusoma habari, na habari ya mwisho pale ni ya 2019. Lakini grupu la WhatsApp mwisho wake ni watu 1,024, na wote wako ndani tayari. Mteja hayumo. Mhitimu anayetaka kujiunga hayumo. Hao ndio wanaohitaji kibao cha mlangoni, na chetu kimegeuzwa uso kuelekea ndani, wenye nyumba wajitazame.

Kuhusu skana, katibu alikuwa na hoja iliyonishangaza: ni makusudi. Orodha ikiwa ya maandishi, matapeli watainakili, waongeze majina yao na kuisambaza. Hofu ni ya kweli. Vyeti vya kughushi tumeviona. Ila picha ya ukurasa inachezewa na kijana yeyote mwenye simu, na faili likishasambazwa hakuna wa kulifuta. Kisanduku ambacho mteja anaandika namba ya uanachama akajibiwa yumo au hayumo, palepale kwenye tovuti ya chama, kingemzuia tapeli vizuri zaidi. Tena orodha yetu imeanika namba za simu za kila mtu, wakati Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Kwa hiyo mteja hanioni, lakini dalali mwenye subira anapata simu za wote.

Na ule umaskini wa chama nao una mipaka yake. Onyo la "si salama" kivinjari cha Chrome kilianza kulibandika mwaka 2018 kwa kila tovuti isiyo na usimbaji, yaani isiyoficha data njiani ili wengine wasiisome, na shirika la Let's Encrypt walikuwa wanagawa vyeti vya usalama wa tovuti vya kuliondoa bure kabisa. Kuziondoa zile picha zinazokimbia ni kazi ya mchana mmoja. Ukiniuliza mimi, fedha haijawahi kuwa kikwazo kikubwa. Kila uongozi unaoingia unataka tovuti "mpya", maana yake picha mpya. Fundi analipwa, anakabidhi, anaondoka na nywila. Miaka mitatu baadaye hata kurekebisha namba ya simu ya ofisi inabidi atafutwe, na yeye ameshahamia Dodoma.

Ajenda ya mkutano mkuu imeshatoka. Kipengele cha 7: "Kuidhinisha bajeti ya tovuti mpya." Kabla sijanyoosha mkono kuidhinisha nitauliza hiyo ya sasa, jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la nani, na nywila anazo nani.